Vumbi la Koti

Wivu ni ugonjwa, na Profesa alikuwa mahututi. Amezeekea kwenye kuunganisha sukari, amezifundisha mpaka wanafunzi wakambatiza Babu Guru, lakini sukari yake kubwa, ile ya kutengenezea dawa, ilikataa katakata kuganda. Shira tu! Nzito, inang'ang'ania chupa kama mgeni asiyeaga. Na bila fuwele, zile punje ngumu zinazometa, nani angeamini kwamba ni safi?

Halafu chumba cha pili, mhadhiri mmoja, binti aliyefundishwa kushika chupa na Profesa mwenyewe, akaipata sukari ileile kwa njia ya mkato. Fuwele nyeupe, zinameremeta! Idara nzima hongera, hongera. Profesa naye alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha, huku roho inamuuma.

Kesho yake binti akaingia maabara kwake na kichupa mkononi, koti jeupe limechafuka kwa kazi.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuletea mbegu. Tia punje moja kwenye shira yako, nyingine zitafuata zenyewe."

"Marahaba. Kwani nilikuomba?"

"Hapana, Mwalimu, ila..."

"Basi rudi nayo. Afadhali nife na shira yangu!"

Binti aliinamia chupa iliyokuwa wazi mezani, akaitazama kwa huruma, akaondoka. Huruma! Hiyo ndiyo ilimchoma zaidi.

Asubuhi iliyofuata Profesa akapokewa na vigelegele vya wanafunzi wake. Shira, lo, imeganda yote, fuwele tupu! Machozi yakamlenga.

"Mnaona? Zimekuja zenyewe! Sikumwomba mtu!"

Wakashangilia wote, isipokuwa msichana mmoja mbishi wa kiti cha mbele.

"Samahani, Profesa. Si wewe unayetufundisha kwamba vumbi la fuwele husafiri kwenye nguo, na chembe isiyoonekana inatosha kugandisha chupa nzima? Jana nani aliingia humu?"

Binti wa chumba cha pili alikuwa mlangoni, amekuja kumpongeza, na koti ni lilelile. Asingesema kitu, Profesa alimjua, na hilo nalo likamuuma.

Lakini somo lilikuwa lake. Akilikana leo, kesho atafundisha nini?

"Aliyeingia ni yule pale," akasema. "Tukiandika matokeo haya, jina lake litangulie. Langu lifuate."

Kisha akamgeukia binti, macho mekundu.

"Na wewe, hilo koti ufue!"