Saa ya Waitara Kutulia

Mwaka wa hamsini na nne wazee wa Nkende walimwita Waitara barazani kwa mara ya tatu, na kosa lilikuwa lile lile: kofi. Safari hii lilikuwa limetua kwenye shavu la Matiko, jirani yake na mtu wa rika lake, mnadani, mbele ya watu wote, kwa sababu Matiko alisema kwamba fahali wa Waitara ana macho ya kondoo. Wazee walimsikiliza Waitara, wakamsikiliza Matiko, wakalikagua na shavu lenyewe. Kisha mkubwa wao akasema, "Waitara, tumechoka na wewe. Nenda ukatafute namna ya kutulia. Ukiletwa hapa tena, hatutakaa kukusikiliza."

Mkewe, Philomena, alikuwa amesimama nje pamoja na wanawake wengine. Aliyasikia maneno hayo, akashukuru moyoni. Laiti angejua.

Njia nzima Waitara hakusema neno, jambo ambalo lilikuwa jipya. Walipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda, akatazama mbali kama mtu anayesubiri barua, halafu akasema, "Mama Rhobi, nimeipata dawa."

Waitara alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, wakati wa vita. Kabla ya kupelekwa Burma, kikosi chao kilikaa kisiwa cha Seiloni, na tangu arudi alikuwa na habari tatu tu za huko: mvua yake, pilipili yake, na mtawa mmoja aliyenyoa kichwa na kuvaa shuka la manjano. Mtawa huyo alikaa chini kila asubuhi mbele ya vijiti vya udi vinavyofuka moshi, hasemi, hatikisiki.

"Inzi alitembea usoni kwake," alisema Waitara. "Alitoka sikio hili mpaka sikio lile. Hakumpiga!"

"Labda alikuwa amelala," alisema Philomena.

"Macho yalikuwa wazi!"

"Basi labda alikuwa amekufa."

Waitara alimeza mate. Hasira ilikuwa inapanda, na dawa yenyewe ilikuwa bado haijaanza kutumika.

Kesho yake alikwenda mjini kwa baiskeli, akarudi na pakiti ya udi wa vijiti kutoka duka la Mhindi. Halafu akaanza kukusanya vifaa. Mtawa wa Seiloni alikuwa na mkeka laini. Waitara akachukua ngozi ya kondoo aliyokuwa akilalia Philomena. Mtawa alikuwa na bakuli la maji lenye maua. Waitara akachukua bakuli la enameli ambalo Philomena aliwawekea wageni tu, akatia ndani yake maua ya maboga. Mtawa alikuwa na taa ndogo. Ukachukuliwa mshumaa wa Philomena aliobaki nao Pasaka. Mtawa alikuwa na kengele ya shaba. Hapo, kwa haki, Waitara alitoa kitu chake mwenyewe: alimvua fahali wake kengele ya shingoni.

Kila asubuhi, ng'ombe wakishakamuliwa, aliingia katika kibanda cha pembeni, akaligonga lile likengele mara tatu kama mtu anayeita mifugo, akaketi kwenye ngozi, akawasha udi na kufumba macho. Kuanzia hapo boma zima lilitakiwa linyamaze. Kusaga ulezi ni marufuku. Kutwanga ni marufuku. Kukohoa, ikiwezekana, kuahirishwe.

Kwa hiyo ndani ya kibanda alikaa mtu mmoja anayetafuta utulivu, na nje yake alikimbia mwanamke mmoja ameinama, mkononi ana tawi, anafukuza kuku na kuwatukana kwa kunong'ona. Rhobi, binti yao wa miaka minane, alifundishwa kuchanja kuni bila mlio, na akishindwa alipelekwa kuchanja kwa Matiko. Ndama nao hawakufundishika.

"Nani huyo?" sauti ilinguruma kutoka kwenye moshi.

"Ni ndama, Baba Rhobi."

"Mwambie nimetulia!"

Akimaliza, Waitara alitoka macho mekundu kwa moshi na kuuliza ugali uko wapi. Aliambiwa kwamba ugali hutokana na unga, na unga hutokana na kusaga. Alilijibu jambo hilo kwa sauti ya mtu aliyetoka kutulia sasa hivi, na Matiko, ng'ambo ya ua, aliisikia yote.

Habari haikukawia kufika kwa katekista. Athanas alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuogopa Mungu, Padri na Waitara, na si lazima kwa mpangilio huo. Alikuja saa nne asubuhi, akakaribishwa, akazunguka maneno mpaka hapakuwa na mahali pengine pa kuzunguka.

"Watu wanasema unafukiza moshi kwa miungu ya Wahindi," alisema mwishowe.

"Na Padri anapozungusha chetezo pale altareni, anafukiza nini? Mbu?"

"Ule ni ubani, na umebarikiwa."

"Basi bariki na huu wangu." Waitara akamsogezea pakiti.

Athanas alisema hana mamlaka hayo. Waitara akasema kama hana mamlaka ya kubariki, hana mamlaka ya kulaumu. Katekista aliitazama mikono ya mwenyeji wake, mipana kama majembe, akaona kweli iko upande wa hoja hiyo. Alimwomba Philomena asali rozari kwa bidii zaidi, akaondoka. Philomena alimwambia angependa sana kusali, ila kibanda alichozoea kusalia sasa kilikuwa na mwenyewe.

Pakiti ya kwanza iliisha, ya pili ikaisha. Waitara akamtuma mkewe dukani. Mhindi alimwonyesha rafu tupu. "Udi umekwisha, mama. Mpaka mzigo ufike Musoma kwa meli. Labda mwezi ujao, labda ule mwingine."

Philomena alirudi kwa mguu akiwaza. Siku mbili zilizopita udi ulikuwa umezimika nusu saa kabla ya wakati, kwa unyevu tu, na Waitara akavunja kigoda. Mwezi mzima bila udi, au ule mwingine! Alifika nyumbani bado hajapata jibu. Akaingia jikoni, akaviona vibuyu vya maziwa vimeinamishwa vinasubiri kufukizwa, na kando yake vipande vya ule mti ambao kila mwanamke wa huku hufukizia vibuyu vyake, maziwa yakae na yanukie. Alivitazama vile vipande kitambo.

Alivitwanga vikawa unga, wakati mume yuko malishoni. Akachanganya na utomvu na kinyesi kidogo cha ndama, kwa ajili ya kushikamanisha, na pengine pia kwa ajili ya ile habari ya ngozi yake ya kondoo. Akaupaka kwenye vijiti vya majani makavu, akaanika, akavifunga kwenye karatasi ya pakiti ya zamani.

"Mhindi anasema huu ni wa aina nyingine," alisema, akimkabidhi. "Wa wakubwa."

Asubuhi Waitara aliwasha, akavuta pumzi, akanyamaza. Philomena alisimama nje na tawi lake. Ndama alilia. Ndani, kimya. Kuku mmoja alitaga na kutangaza kwa kirefu, kama kawaida ya kuku. Ndani, kimya. Saa ilipita, ikapita na nyingine. Kisha Waitara akatoka, uso umelegea, akamtazama mkewe na kuuliza, "Umekula?"

Philomena alimshika paji la uso kuona kama ana homa.

"Ule wa kwanza ulikuwa wa watoto," alisema Waitara. "Huu sasa ndio wenyewe. Huu ndio ule wa Seiloni, naujua."

Ikawa hivyo kila siku. Na Philomena akagundua jambo ambalo hakulitarajia: kwa saa mbili nzima hakuna aliyemwita. Philomena maji, Philomena fimbo yangu, Philomena nani ameacha lango wazi, yote hayo yaliondoka. Kwa kuwa kelele hazikumsumbua tena, ulezi ulisagwa, ugali uliiva kwa wakati, na bado ulibaki muda wa kuketi nyuma ya ghala, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa. Alitengeneza vijiti vingine, vingi, kwa moyo mkunjufu.

Tatizo la mtu aliyetulia ni kwamba anataka aonekane. Baada ya mavuno Waitara aliwaalika wazee wawili wa barazani waje kumwona, na kwa kuonyesha ukubwa wa moyo akamwalika na Matiko. Aliwaketisha kibandani, akawaeleza juu ya pumzi, juu ya mtawa, juu ya yule inzi na safari yake. Akagonga likengele. Akawasha kijiti.

"Udi huu," alisema taratibu, "umevuka bahari."

Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Matiko alinusa. Akanusa tena. Akainuka, akausogelea moshi kama mbwa anayekagua mgeni.

"Mura," alisema, "hii mbona ni harufu ya kibuyu cha maziwa?"

"Kaa chini."

"Nakaa, lakini ni kibuyu. Mama yangu alinikuza na harufu hii. Mzee, nusa wewe."

Mzee alinusa. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mwenzake akaficha mdomo kwa mgolole, lakini mgolole nao ukawa unatikisika. Waitara aligeuka taratibu akamtazama Philomena, aliyekuwa mlangoni ameshika kibuyu cha togwa ya wageni; bahati mbaya kweli, kushika kibuyu saa hiyo.

Angeweza kusema uongo mwingine. Alikuwa nao wa aina mbili tayari. Lakini alichoka ghafla. "Udi uliisha dukani tangu kabla ya mavuno," alisema. "Hivyo vijiti nimetengeneza mimi."

Waitara alisimama. Mkono wake wa kulia ukapanda, na kila mtu aliuona. Matiko, mtu mwenye uzoefu, alifunika shavu. Mkono ulikaa hewani kwa muda, kama umesahau ulikokuwa unakwenda, kisha ukamkuna Waitara mwenyewe kisogoni. Akatoka, akapita kati ya kuku, akaenda zizini na kukaa huko mpaka jua likawa juu ya vichwa.

Wazee walikunywa togwa na kusema wameona makubwa. Matiko alikunywa na ya Waitara.

Siku tatu zilizofuata kibanda kilikuwa kitupu. Ngozi ilirudi kwa mwenyewe, bakuli likarudi. Waitara hakumpiga mtu, hakuvunja kitu, alikuwa tu yupo, tangu asubuhi, na pale alipokuwepo aliita. Philomena, maji. Philomena, fimbo yangu. Fimbo ilikuwa mkononi mwake.

Siku ya nne Philomena alimfuata zizini.

"Kesho urudi kibandani," alisema.

"Umenifanya kichekesho mbele ya wazee."

"Ulitulia au hukutulia?"

Waitara alimpapasa fahali shingoni. "Nilitulia," alisema.

"Basi."

"Unajua nilikuwa naona nini? Nilidhani ni mambo ya Seiloni." Hakumtazama. "Nilikuwa naona nyumba ya mama. Anafukiza vibuyu asubuhi, mimi nimekaa mlangoni, mdogo hivi, nasubiri maziwa. Hakuna mtu ananiuliza kitu. Hakuna mtu nagombana naye. Nilijiuliza, mama alifikaje kule kisiwani?"

Philomena akamfukuzia fahali inzi aliyekuwa karibu na jicho, na kweli, lilikuwa jicho la kondoo kidogo.

"Vijiti vipo," alisema baadaye. "Nitakutengenezea vingine. Lakini na mimi nataka saa yangu."

"Saa ya nini?"

"Ya kutulia."

Waitara alicheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

Basi kesho yake, Waitara alipotoka kibandani akiwa ametulia vya kutosha, Philomena aliingia na ngozi yake. Hakuwasha kijiti, hakugonga kengele, wala hakuweka maua kwenye maji. Alifunga mlango.

Kuku waliingia kwenye ulezi mara moja, utadhani wameitwa. Ndama alikata kamba. Rhobi alikuja kuuliza mwiko uko wapi, na baba yake, aliyekuwa amezaliwa katika nchi hii na kuishi katika nyumba hii, hakujua. Katikati ya hayo Matiko akafika langoni na salamu ya kusikika mpaka Sirari.

"Polepole, mura!" Waitara alinong'ona, ameinama, mkononi ana tawi. "Mama Rhobi ametulia."

"Ametulia na nini? Sioni moshi."

"Hana moshi. Ametulia hivyo hivyo."

"Ananuka kibuyu?"

Kimya kilifuata, kirefu, cha mtu anayevuta pumzi kama alivyofundishwa na mtawa. Kisha likasikika tawi likianguka, na kuku wote wakiruka kwa pamoja, na miguu ya Matiko ikikimbia, na miguu ya Waitara nyuma yake.

Ndani, Philomena alikuwa amefumba macho. Kuhusu kuondoa mawazo kichwani, hakuondoa hata moja. Alikuwa anasikiliza. Akajisogeza vizuri ukutani, akanyoosha miguu, maana saa yake ilikuwa bado changa.