Washa Kwenye Koti

Kazini walimwita Gumba, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka thelathini na moja ya kufunga mapaa ya chuma, hakuwahi kukaza nati kabla ya kupitisha kidole gumba chini yake kuhakikisha kwamba washa, kile kipete bapa cha chuma, ipo. "Nati bila washa hutafuna chuma," aliwaambia wenzake mpaka wakachoka kumsikia. "Leo imekaza, kesho imelegea." Akishakaza, huchora mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye nati, ukapita juu ya washa hadi kwenye boriti. Mstari ule ndio uliokuwa saini yake.

Jioni moja, nyumbani, alitia mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti akitafuta leso, akatoka na washa. Mpya kabisa, haijaonja spana. Akaduwaa. Washa zake hukaa kwenye kimfuko cha kiunoni. Koti hushinda limetundikwa kwenye msumari katika kibanda cha zana. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake leo kilikuwa cha chuma.

Akamtazama mkwewe. Mke huyu wa mwanawe ndiye aliyekuwa mkaguzi wa paa alilokuwa akilifunga Gumba, na tangu arudi alikuwa akisugua sufuria moja tu. Fomu ya ukaguzi ilikuwa mezani, bado haina saini. Hapo Gumba akaelewa. Mtoto wa watu ameona kosa, akaona haya kumwambia baba mkwe, akamtilia washa kotini. Msimamizi alikwishatangaza kwamba fundi atakayekutwa ameruka washa atashushwa, asipande tena. Kwa umri wa Gumba, kushushwa ni kwaheri.

"Chai iko tayari, Baba," alisema mkwe, bila kuinua macho.

"Ahsante, mwanangu."

Chai ile hakuna aliyeimaliza.

Kulipopambazuka Gumba akapanda ngazi kabla ya wenzake. Nati arobaini na nane alizokaza jana akazipapasa moja moja kwa gumba. Karibu na nguzo ya mwisho akakuta mahali ambapo mstari mweupe uliruka kutoka kwenye nati moja kwa moja hadi kwenye boriti. Aliuchora mwenyewe, kwa mkono wake, bila kuona. Akafungua. Bolti ile akaitupa kwenye ndoo, maana iliyokwisha kukazwa kwa nguvu zote hairudishwi. Akatia mpya, pamoja na ile washa ya kotini, akakaza.

Alipoteremka alimkuta mkwe chini ya ngazi, fomu mkononi. Gumba akavaa koti lake huku anacheka.

"Nimeiona, nimeibadilisha. Wewe iandike kama ilivyokuwa, usinifiche. Lakini sikiliza, mwanangu. Nyumbani mimi ni baba mkwe wako, nistahi utakavyo. Hapa mimi ni fundi, na fundi akikosea huambiwa usoni. Paa halijui ukwe."

"Hata wakikushusha, Baba?"

"Kosa moja katika miaka thelathini na moja! Nitazungumza na msimamizi, ni mtu mwelewa. Gumba hili bado linaijua kazi."

Mkwe aliibana fomu kifuani. Machozi yakamlengalenga. Alimpenda mzee huyu kuliko alivyoweza kusema.

"Haya, nakuambia usoni," alisema. "Mfuko wa kushoto, Baba, uliutazama?"

Gumba akatia mkono. Washa ya pili ilikuwa humo, baridi, mpya kama mwenzake.

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amezipapasa nati zote, bila haraka, bila mtu wa kumsumbua, na moja ikampita. Akaikamata ile washa kati ya kidole cha shahada na gumba, akaizungusha. Kidole cha shahada kilisikia ukingo wake vizuri. Gumba halikusikia kitu. Akajaribu tena, akabonyeza mpaka ngozi ikaacha alama, na bado halikusikia.

Akakaa juu ya sanduku la bolti. Alitazama juu, kwenye mistari yake myeupe, kwa muda mrefu.

"Andika mbili," alisema.

Mkwe akaandika huku analia waziwazi, na Gumba akamshikia fomu isipeperushwe na upepo.