Kura ya Coy Ratliff

Kwa miaka ishirini na miwili Verlin Stamper aliketi bungeni mkono wake wa kushoto ukiwa mfukoni. Wabunge wapya waliambiwa kwamba aliumia mgodini enzi za ujana, naye hakumsahihisha mtu. Ukweli ni kwamba aliuogopa mkono ule. Upande wa kushoto ndiko kilikokuwa kitufe cha jirani yake.

Katika bunge lile la jimbo kila meza ina vitufe viwili, kijani cha kukubali na chekundu cha kukataa, na spika akishatangaza kura mnapewa sekunde kumi na tano. Ukitoka kwenda kunywa kahawa, jirani anakubonyezea. Kanuni inakataza, waheshimiwa wote wanaijua kanuni, na waheshimiwa wote wanabonyeza.

Jioni moja ya mwezi Machi jirani yake, Coy Ratliff, alimpigia simu kutoka chumba chake cha hoteli. "Kesho nibonyezee mpaka nifike. Tumbo linanisokota."

Asubuhi Verlin akambonyezea mara sita, vimiswada vya leseni za uvuvi na majina ya madaraja. Kura ya saba ilikuwa ya bwawa, lile la kumwagia tope la machimbo, ambalo lingejengwa juu ya Laurel Fork, bonde alikozaliwa Coy. Coy alikuwa ameapa kanisani, mbele ya watu wake, kwamba angeukataa muswada huo. Verlin alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alijua pia kwamba muswada ukipita, chama kingempa uenyekiti wa kamati ya migodi. Akabonyeza kijani kwake, akanyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza kijani kwa Coy. Akija atafoka, akawaza, kisha ataomba kumbukumbu irekebishwe kabla ya jioni, nami nitakuwa nimeonekana mtiifu.

Muswada ulipita kwa kura moja. Saa sita mchana ikaletwa habari kwamba Coy amekutwa amekufa kitandani hotelini. Moyo wake ulikuwa umesimama tangu alfajiri.

Hakuna aliyeuliza alikufa saa ngapi. Daktari hakufuatilia mambo ya bunge, na bunge halikufuatilia mambo ya daktari. Bwawa likajengwa, kijito cha bondeni kikawa cheusi, watu wa Laurel Fork wakahama nyumba baada ya nyumba. Mpaka leo mtu wa kule akivunjiwa ahadi husema, "Umenifanyia Coy."

Verlin alipata uenyekiti wake. Alichaguliwa tena mara kumi na moja. Lakini kila kura ilipopigwa alilazimika kuinua macho kwenye ubao wa taa unaoonyesha kura ya kila mbunge, na siku nyingine, kati ya majina ya walio hai, aliliona lile la Coy limewaka kijani. Akipepesa, halipo. Aliomba kuhamishwa meza mara tatu, na kila alipohamia alimkuta Coy yuko kushoto kwake. Hakumwambia mtu, maana angemwambia nani?

Siku ya kuagwa bungeni, baada ya kutangaza kwamba hagombei tena, alimkuta Lorene Ratliff, mjane wa Coy, kwenye ukumbi wa nje, koti mkononi, amezeeka, mgongo umenyooka vilevile.

"Unanikumbuka, Verlin?"

"Nikusahauje, shemeji?"

"Nimesikia leo ndiyo mwisho wako humu. Nikasema nikuwahi, usije ukaondoka na jibu langu." Alimwangalia usoni. "Wewe ndiye uliyekaa kando yake. Nataka kujua kitu kimoja tu. Alipobonyeza ile kura, alisita? Hata kidogo?"

Ilikuwa rahisi sana kusema alisita. Angerudi kwao na kitu cha kushika. Neno lilimfika Verlin kwenye ulimi, akalimeza.

"Panda juu kwenye viti vya wageni, shemeji. Nitakujibu nikiwa mbele ya wabunge wote."

"Mimi si mkutano wa hadhara. Nijibu hapa."

Kengele ikalia, na Verlin akaingia ndani haraka. Tusimwite jasiri. Aliona heri kuwatazama watu mia moja kuliko kumtazama yule mmoja.

Hotuba za kuaga katika bunge lile ni za kuchekeshana. Kabla hajafungua kinywa mmoja alishapaza sauti, "Mzee Stamper, fupisha, chakula kinapoa."

"Niliwahi kumbonyezea kura mwenzangu ambaye hakuwepo," alisema Verlin.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko, watu wakipiga meza. "Nani hajafanya?" akauliza mtu wa nyuma. "Hata mimi ulinibonyezea, na ulikosea!"

"Alikuwa Coy Ratliff. Ulikuwa muswada wa bwawa."

Wazee wawili watatu wakaacha kucheka. Vijana hawakulijua jina hilo, wakaendelea.

"Alikuwa ameshakufa," alisema Verlin.

Hapo ndipo walipocheka kuliko siku zote. Spika mwenyewe aligonga nyundo huku akijifuta machozi.

"Nilijua angekataa," Verlin alisema, sauti ikimpasuka. "Aliniamini, akaniachia kitufe chake. Nilibonyeza kijani kwa sababu nilitaka uenyekiti. Yeye alikuwa amelala maiti hotelini, na mimi nikamfanya msaliti."

Kicheko kikafa safu kwa safu. Verlin akainua macho. Juu, kwenye viti vya wageni, Lorene alikuwa amesimama, ameshika ukingo. Hakulia wala hakumtukana.

"Verlin," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "mimi nilikataa kumzika kwa sababu ya kura ile. Nililiachia kanisa. Sijui hata kaburi lake ni lipi."