Rangi Mbichi Mdomoni

Kazi yangu hainiletei marafiki. Mtu akiharibikiwa na picha ya thamani iliyokatiwa bima, mimi ndiye ninayetumwa kuitazama na kusema ni kipi kimeharibika, kimeharibiwa na nini, na kama kinatengenezeka. Mwenye picha anaomba niseme hali ni mbaya mno, kampuni inaomba niseme hakuna kitu. Nimezoea kuwaudhi wote wawili, na mume wangu husema nimepata kazi inayolingana na ulimi wangu.

Siku hiyo nilikwenda na Fundi Pamba. Yeye ndiye anayezirejesha picha ninazoziona zinaokoleka, na tunamwita hivyo kwa sababu mifuko yake yote imejaa pamba. Hata akikupa mkono unaondoka na nyuzi kiganjani. Haongei sana. Mimi naongea kwa niaba ya wote wawili na hajawahi kulalamika.

Nyumba ilikuwa mwisho wa barabara nyembamba, yenye bustani ndogo iliyofagiliwa vizuri. Mlango ulifunguliwa kabla hatujabisha. Mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, alitukaribisha kwa sauti ya chini kama ndani kuna mtoto mchanga aliyelala.

"Karibuni wanangu. Mzee yuko uani na redio yake. Tuanze kabla hajaingia."

Neno hilo sikulipenda. Mtu anayetaka uanze kazi kabla mwenzake hajaja, mara nyingi ana jambo analolificha, na mimi nikishahisi nafichwa jambo, uso unanikunjika wenyewe.

Ukumbini dari ilikuwa na doa kubwa la rangi ya chai, pale tangi la maji lilipopasuka na kumwaga kila kitu chini. Picha nyingi zilikuwa zimeegemezwa ukutani, zimetupa mgongo, ili zikauke. Zote alizichora mumewe, na watu bado wanazitafuta, ndiyo maana zilikuwa na bima. Moja tu ilikuwa imetundikwa, nayo ndiyo tuliyoitiwa. Ilikuwa picha ya huyu mama mwenyewe akiwa msichana, amekaa kwenye kiti cha mbao, gauni la kijani, kichwa kimegeuka kidogo kama aliyeitwa kutoka chumba kingine.

Niliwasha tochi, nikaishika ubavuni mwa picha ili mwanga upite juu ya rangi kwa mlalo. Ukifanya hivyo kila uvimbe na kila ufa hutupa kivuli, na picha haina tena pa kujificha. Begani rangi ilikuwa imefura malengelenge. Kitambaa kilikuwa kimelegea kwenye fremu kwa chini. Hayo ni maji, na maji nayajua.

Mdomo ndio ulionishangaza. Kwenye picha za simu walizotuletea pamoja na madai, rangi ilikuwa imebanduka kidogo mdomoni na kitambaa kinaonekana. Sasa mdomo ulikuwepo, mzima, mwekundu, ila ulikuwa umehama. Ulikuwa umekaa upande, karibu na shavu, kama stempu iliyobandikwa na mtu mwenye haraka. Nikanusa. Harufu ya mafuta ya rangi ilinipiga puani.

"Funga mapazia," nilimwambia Fundi Pamba.

Tunayo taa ndogo ya zambarau kwa kazi hii. Ukimulika picha ya zamani gizani, vanishi yake hung'aa kijanikijani, na popote palipopakwa rangi mpya hubaki peusi. Usoni pa yule msichana palitokea shimo jeusi, pana kuliko mdomo wenyewe. Damu ikanichemka. Nikajua tunachezewa shere. Nikawasha taa ya ukumbini.

"Mama, nani amegusa picha hii?"

Alitazama mlango wa uani kwanza. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akaivaa miwani, akaivua.

"Mzee."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Macho yake yamekwenda, mwanangu. Pembeni anaona, katikati haoni. Ukikaa mbele yake anaona masikio yako, uso hauoni. Mabega alijaribu, hayakumshinda sana. Lakini mdomo uko katikati."

Kule uani mtangazaji wa redio alikuwa akicheka peke yake. Mama akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. Tangi lilipopasuka, mzee alikataa kula. Alikuwa akikaa hapa ukumbini na vipande vya rangi vilivyodondoka amevishika kiganjani, hataki kuvitupa wala kuvitoa. Halafu asubuhi moja mama aliamka akamkuta amesimama mbele ya picha, brashi mkononi, amevaa shati lake la kazi ambalo hakuwa amelivaa kwa muda mrefu.

"Akanigeukia, uso umefunguka kama zamani. Akaniuliza, 'Mama watoto, nimepatia?' Ningemwambia nini?"

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia amepatia kweli kweli."

"Ukamvika kilemba cha ukoka," nikasema. Mdomo wangu hauna breki.

Hakuchukia. "Nilimvika. Na sasa anatembea nacho nyumba nzima. Anaimba bafuni. Keshokutwa anataka kuanza na hii." Aliinama, akageuza moja ya zile picha zilizotupa mgongo. Watoto wao wawili, wakiwa wadogo, wanagombania mto juu ya kitanda, na mmoja anakaribia kulia. Kona yake moja tu ndiyo iliyoguswa na maji. "Nikimwambia, namvunja. Nikinyamaza, atatumaliza sote hapa ukutani, mmoja baada ya mwingine."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, lakini haikujua tena imwendee nani. Nilimtazama Fundi Pamba. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa picha, na ncha ya kijiti chake chenye pamba ilikuwa imeshapata wekundu.

"Mzee amepaka zaidi ya palipodondoka," akasema. "Chini yake mdomo wa zamani upo, karibu wote. Ule umekauka miaka na miaka, dawa yangu haitauumiza. Huu wa juu bado mbichi, unatoka. Ila tukiuacha utakomaa, na siku nyingine nitautoa pamoja na rangi ya zamani."

"Leo?" mama aliuliza.

"Ingekuwa leo ningefurahi."

Kwa Fundi Pamba hiyo ni hotuba. Mama alibaki akimtazama, mikono imeshikana mapajani. Pale nilielewa kwamba jibu hatukuwa nalo sisi, na kwamba rangi ile haingeondolewa bila mwenyewe kujua. Sheria ya kazi yetu ni hiyo, mchoraji akiwa hai huulizwa, na hata kama isingekuwa sheria nisingekubali kumwibia mtu mzima kazi yake akiwa uani na redio.

Mlango ukafunguka. Mzee aliingia akiwa wima, mrefu, bila fimbo, kidole kimoja tu kikigusa ukuta. Kabla ya kuzungumza aligeuza kichwa upande, kama kuku anayechunguza punje, ili atupate kwenye kona ya jicho.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Huyu ndiye anayekuja kututia adabu? Nilidhani wangeleta baba mmoja mwenye kitambi."

"Kitambi kiko likizo, mzee. Wamenileta mimi."

Alicheka. Nilimpenda hapo hapo, na hilo lilizidi kuniharibia siku.

"Basi nimewapunguzia kazi," akasema, akaisogelea picha. Alisimama mbele yake kwa namna ya mtu aliyekuwa amesimama mbele ya picha maisha yake yote, uzito kwenye mguu mmoja. "Wengine hungoja bima. Mimi mkono wangu unaijua njia hata gizani. Haya, mkaguzi, wewe umesoma mambo haya. Huo mdomo umeuonaje?"

Sijawahi kukosa la kusema. Nimewaambia wakubwa wenye majumba kwamba picha zao ni takataka, mbele ya wageni wao, na nikanywa chai yao baadaye. Lakini nilifungua kinywa na neno lililokuwa likipanda kooni lilikuwa "mzuri." Lilikuwa limefika kwenye meno. Nilielewa kabisa jinsi mama alivyolitoa.

"Mzee," mama akasema nyuma yangu. "Umeuweka pembeni."

Ilikuwa kama mtu amezima feni iliyokuwa ikivuma siku nzima. Mzee hakugeuka.

"Pembeni wapi?"

Alimwendea. Alimshika mkono wa kulia, akakichukua kidole chake cha shahada, akakigusisha kwenye picha, pale kwenye rangi nyekundu. "Hapa ndipo ulipouweka." Kisha akakileta kidole kile usoni kwake, taratibu, akakiweka juu ya midomo yake mwenyewe. "Na hapa ndipo ulipo."

Kidole kilikaa pale. Kilipoondoka kilimwachia mama doa jekundu kwenye mdomo wa juu, na hakulifuta.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu asubuhi ile."

"Na ukaniambia nimepatia."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa kesho yake hutaamka," mama akasema.

Mzee alitafuta kiti kwa kisigino, akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Fundi Pamba alikuwa akisoma maandishi kwenye chupa ya dawa ambayo ameitumia tangu nimfahamu.

"Watu wamenisifu maisha yangu yote," mzee akasema. Hakuwa amepandisha sauti. "Sikumwamini hata mmoja, na sikuhitaji, kwa sababu nyumbani nilikuwa na wewe. Ukisema mkono umenenepa, ninaufuta. Ukisema anga ni zito, ninalifuta. Sikuwahi kuuliza mara mbili." Alijipangusa kidole kwenye suruali. "Macho yamekwenda, sawa, nimeyazoea. Lakini sasa nimwamini nani?"

Mama alikwenda dirishani akasimama akitazama nje, ingawa mapazia yalikuwa bado yamefungwa.

"Fundi," mzee akasema. "Inatoka?"

"Inatoka, mzee. Ikiwa leo."

"Itoe. Na hao wengine wote wa ukutani, wapakieni mwende nao. Nisije nikawagusa."

Fundi Pamba alinawa mikono, akavuta kiti, akaanza. Alizungusha pamba kwenye kijiti, akaichovya, akaibingirisha juu ya rangi bila kusugua, akaitupa kwenye bakuli, akachukua nyingine. Pamba zikawa nyekundu, halafu za waridi. Mimi nilikaa na karatasi zangu. Niliandika maji pale palipokuwa maji, na niliandika mkono wa mchoraji pale ulipokuwa mkono wa mchoraji, maana kampuni haiwezi kulipia huo. Redio uani iliendelea, hakuna aliyekumbuka kwenda kuizima. Mzee alikaa ameelekeza sikio kwenye picha, kana kwamba rangi inatoka kwa sauti. Hakumwita mkewe hata mara moja, na mkewe hakuthubutu kusogea.

"Basi," Fundi Pamba akasema hatimaye, akarudisha kiti nyuma.

Mama aligeuka dirishani, akafumbua kinywa.

"Siyo wewe," mzee akasema. "Mkaguzi, njoo hapa. Wewe hunijui, huna cha kuniogopea. Niambie unachokiona."

Nilimtazama mama. Aliniinamishia kichwa, niendelee, ingawa machozi yalikuwa yakimshuka mpaka kidevuni.

Basi nikasimama karibu na mzee nikamweleza kama ninavyoandika taarifa zangu, bila kutia chumvi. Nilimwambia mdomo wa juu ni mzima. Wa chini una pengo upande wa kushoto, dogo kama punje ya mahindi, kitambaa kinaonekana, na Fundi atalijaza kwa kufuata picha zilizopigwa ilipokatiwa bima. Nilimwambia bega limefura na kijani cha gauni kimepauka kwa chini, na kwamba hicho hakitarudi chote. Nilimwambia kona ya kulia ya mdomo imepanda juu kidogo. Nilimwambia msichana anaonekana kama mtu aliyechoka kukaa na yuko mbioni kusema hivyo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilipapasa goti la suruali, palipokuwa na alama ya rangi. Kisha akageuza kichwa upande, kwa ile namna yake, akanipita, akampita Fundi, mpaka kona ya jicho lake ikamfikia mkewe dirishani.

"Mama watoto," akasema. "Ni kweli?"

Mama aliivaa miwani. Alikuja mpaka mbele ya picha, akaitazama kwa muda mrefu, doa jekundu likiwa bado mdomoni mwake.

"Yote ni kweli," akasema. "Ila hakukwambia kwamba nilikuwa nabana kicheko. Na pua uliikosea."

"Najua," mzee akasema, akanyoosha mkono upande aliko. "Uliniambia siku ile ile."