Mchumba wa Bandarini

Mama Brigitte wa Makomeno hakumwamini hata chembe Chomba, Mzambia aliyevuka mpaka wa Kasumbalesa kuja kumposa binti yake Lydie.

"Baba yako anatumika wapi?"

"Bandarini, mama."

"Bandari! Inchi nane zimeizunguka Zambia, bahari hakuna. Hiyo bandari iko ndani ya beseni?"

"Iko Mpulungu, mama, kwenye Ziwa Tanganyika."

Mama akashtuka. Yeye ni Mtabwa wa Moba, kwenye ziwa hilohilo, na kabila lake la Batabwa liko ng'ambo zote mbili. Kwao ukoo hufuata mama, na wa ukoo mmoja ni ndugu, hawaoani. Shaka ndogo ikatoka, ikaingia kubwa.

"Ukoo wa mama yako?"

"Bazimba."

Lydie akafunika uso. Mama akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Sisi pia. Karibu nyumbani, mutoto wangu. Salimia dada yako."