Vitabu Visivyozinduliwa

Duara la watoto wa chekechea, kule Bodo, lilikuwa halifungiki. Kila walipoambiwa washikane mikono wacheze, mahali pamoja palibaki wazi, upande wa kushoto wa Twaiba binti Matano. Mkono wake wa upande huo uliishia kwenye kiwiko tangu azaliwe, na hakuna mwenzake aliyetaka kuushika. Walimwita Kaa. Watoto wa Bodo wanawajua kaa hata kabla hawajajua kuvaa suruali, na wanajua kwamba kaa aliyepoteza gando hatakiwi na mnunuzi yeyote.

Siku moja Twaiba alivua sare, akaikunja kwa mkono mmoja na kidevu, akaiweka mapajani pa babake.

"Sirudi."

"Utarudi," akasema Matano.

"Sirudi, baba. Nenda wewe."

Matano alikuwa fundi seremala, mtu asiyejua kuyapaka maneno sukari. Shule aliiacha darasa la tano, na tangu hapo kila barua aliyoletewa ilibidi ampe mtu mwingine amsomee. Hakutaka bintiye afuate njia hiyo. Mwenye mikono miwili anaweza kukosa elimu akashika randa, akala. Mwenye mkono mmoja akikosa elimu, ashike nini? Asubuhi ya pili akaenda yeye shuleni.

Mwalimu wa chekechea, Eunice, msichana wa Kikamba kutoka upande wa mashamba ya walowezi, alimkuta amesimama mlangoni mwa darasa.

"Shikamoo, Baba Twaiba."

"Marahaba. Mwanangu anaitwa Kaa."

"Nimewakanya mpaka koo limekauka. Mtoto wa miaka sita ukimkataza neno ndiyo umemfundisha."

"Basi mfundishe lingine."

"Kitabu kipo," Eunice akasema, akashusha sauti. "Cha picha. Kina msichana hana mkono, yuko na wenzake tu, wanacheza. Wafadhili walileta vingi, kuna cha kipofu, cha kiziwi, cha mtoto wa kiti cha magurudumu. Ningewasomea hata leo."

"Nani amekuzuia?"

"Viko kabatini."

"Kabati lipi?"

Eunice akamtazama kama mtu anayeogopa kumwambia mgonjwa jina la ugonjwa wake. "Lile ulilotengeneza wewe."

Matano akalikumbuka vizuri. Mwalimu mkuu, Bwana Dzombo, alimwendea karakanani mwanzo wa mwaka akamwambia anataka kabati ambalo hata ndovu hafungui. Matano akalijenga kwa mvule, mbao nene kama mlango wa msikiti, kwa kujitolea, na alipomaliza aliligonga kwa ngumi akacheka kwa raha. Kumbe alikuwa anamfungia mwanawe nje.

Akaenda ofisini bila kupiga hodi.

"Vile vitabu nataka vitolewe."

"Karibu kwanza, fundi. Vile havijazinduliwa."

"Kuzinduliwa ndiyo nini?"

"Mgeni rasmi aje, akate utepe, apigwe picha navyo vikiwa vipya. Ndipo visomwe. Waliovileta wanataka picha."

"Anakuja lini?"

"Alikuwa aje mwezi wa pili."

"Huu ni wa sita."

"Ana shughuli nyingi."

"Kwa hiyo mwanangu aendelee kuwa kaa mpaka mgeni wako amalize shughuli zake."

"Sasa hayo maneno gani, fundi? Amethibitisha Alhamisi. Na nilitaka kukutafuta. Twaiba ndiye atakayempa maua. Mtoto mwenyewe akiwa mbele, picha itapendeza sana."

Matano alihisi mkono unamwasha. Lakini Alhamisi haikuwa mbali, na alikihitaji kile kitabu. Akatoka.

Nyumbani akamwambia bintiye, "Shuleni kuna kitabu kina mtoto mwenye mkono kama wako. Twende Alhamisi ukakione, kisha ndiyo uniambie hutaki shule."

"Kweli kipo?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Ndiyo. Ulisema sindano haiumi."

"Ile ilikuwa sindano. Hiki ni kitabu."

Alhamisi hema lilisimikwa, viti vya plastiki vikapangwa, akina mama wakapika pilau tangu alfajiri. Kabati lilitolewa kwa jasho la wanaume sita likawekwa katikati ya uwanja, limefungwa utepe mwekundu juu ya kufuli tatu. Twaiba alisimama mbele yake akiwa na shada la maua ya uani. Saa tatu ikapita. Saa tano watoto wakaimba mara ya nne wimbo wa kumkaribisha mtu ambaye hayupo. Pilau ilikuwa inanukia lakini hairuhusiwi kuguswa, maana mgeni hajafika. Maua yakalala.

Saa saba Bwana Dzombo alipokea simu, akasema ndiyo mheshimiwa mara saba, akarudi kwenye kipaza sauti.

"Mheshimiwa amepata dharura. Anatuomba radhi. Tutapangiwa tarehe nyingine, inshallah. Kabati lirudishwe ofisini, tafadhali, na ule utepe msiuchafue."

Watu wakaguna, wakaanza kuinuka. Hakuna aliyepinga. Hilo ndilo lililomchoma Matano kuliko mgeni. Twaiba akayaweka maua chini, akamgeukia.

"Sindano tena, baba?"

Matano alikwenda kwenye pikipiki yake, akafungua mfuko wa vifaa, akarudi na bisibisi.

"Fundi," akasema Dzombo, "unafanya nini?"

"Narekebisha kosa langu."

"Funguo ninazo mimi!"

"Kaa nazo."

Kufuli zilikuwa tatu, za kweli, lakini mbao zilikuwa nene mno kwa bawaba za ndani, naye siku alipolijenga alizipiga kwa nje. Hakuna mwizi aliyelijua hilo, ila mwenye kazi. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili, ya sita. Mlango ukainuliwa mzima, na kufuli zake na utepe wake, ukaegemezwa kwenye kiti cha mgeni rasmi.

"Nitakushtaki kwa kamati!"

"Kamati nami nimo. Mwalimu Eunice, kitabu ni kipi?"

Eunice akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama Twaiba, akachomoa kitabu cha jalada la manjano. Watoto wakamzunguka kama kuku walioona mtama. Akafungua. Msichana asiye na mkono alikuwa chumbani kwake, anacheka, na kitandani pembeni yake amelala mbwa.

Feisal, yule yule aliyeanzisha jina la Kaa, akapiga kelele.

"Mbwa! Juu ya kitanda!"

"Na mto amelalia!"

"Astaghfirullah!"

"Watoto," Eunice akasema, "hebu mtazameni msichana. Mnamwonaje huyu?"

"Yupi?"

"Huyu, asiye na mkono."

"Ah, huyo kama Twaiba," akasema Feisal bila kumtazama sana. "Lakini mwalimu, mbwa! Mamake yuko wapi?"

Matano alisimama na bisibisi mkononi, hasira imempanda mpaka masikioni. Miezi minne vitabu vimefungiwa, kabati la mvule limevunjwa heshima, halafu wanatazama mbwa! Alitaka kuwafokea waangalie mkono, mkono, wajinga nyinyi. Akafungua kinywa.

"Itabidi shuka lioshwe mara saba litoke najisi," ilikuwa sauti ya Twaiba, aliyeongoza chuo cha Kurani kwa kuhifadhi. "Na moja kwa mchanga."

"Hiyo ni chombo akikilamba," Feisal akabisha. "Si shuka."

"Wewe umemwona hakulamba? Sogea. Huoni unaziba picha?"

Akapenya, akakalia mchanga, akakibana kitabu kwa kiwiko na kufunua ukurasa kwa mkono wa pili. Feisal akakaa kushotoni kwake, karibu kabisa, kwa sababu hapo ndipo picha ilipoonekana vizuri.

Matano akafunga kinywa.

Bwana Dzombo akaja na kalamu na karatasi. "Mlango huo utaurudisha leo hii, fundi. Kabla ya saa kumi. La sivyo naandika barua."

"Andika. Utanisomea wewe mwenyewe." Akakusanya skrubu, akazitia mfukoni. "Skrubu zimepotea."

Walipokuwa wakienda nyumbani, Twaiba alikuwa amekasirika. Kengele ililia kabla hawajafika ukurasa wa mwisho.

"Feisal anasema mbwa atatolewa nje. Mimi nasema hatoki, mamake hajali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sare yangu iko wapi?"