Tope la Mbokomu

Watu wakisimulia habari za Klabu ya Tausi huanza na Fikirini aliyekuwa akipiga santuri, wakaja kwa mzee Jovin mwenye klabu, kisha wakabishana nani alicheza na nani. Mimi sitajwi. Silalamiki. Nasema tu kwamba wote hao walipita kwangu kwanza, wakainama, wakavua viatu.

Naitwa Rukaiya, nakaa Rau, nina miaka sabini na miwili na goti moja linalonipa taarifa za mvua kabla ya redio. Mwaka sabini na nne nilikuwa mtunza viatu wa Tausi. Usiku klabu ilikuwa ya wakubwa na bia zao, hiyo hainihusu. Ila Jumamosi mchana, saa nane mpaka saa kumi na mbili, kulikuwa na bugi, dansi la vijana, na muziki wake ulikuwa soul tupu, ule wa Wamarekani weusi. Moshi nzima ilijua. Vijana wa mjini walikuja na suruali zao za bugaluu, pana chini kama kengele, na nywele kama vikapu, lakini wengi walitoka mlimani, Mbokomu, Uru, Old Moshi, wakishuka kwa miguu. Masika tope liliwafika vifundoni. Mzee Jovin alikuwa ameweka sakafu ya mbao iliyopigwa nta, na alikuwa ameapa kwamba tope la mtu yeyote halitaikanyaga.

Ndipo nilipopata kazi. Mlangoni palikuwa na kabati refu lenye vishimo, benchi, na mimi. Mtu anavua viatu vyake vya njiani, navifungia kibati chenye namba, kibati cha pili chenye namba hiyo hiyo anakwenda nacho. Wasichana wa mlimani walikuwa na utaratibu wao zaidi. Viatu vyao vya kuchezea, zile raizoni zenye soli nene kama tofali, havikuweza kuonekana nyumbani kwa mzee wa kanisa, kwa hiyo vililala kwangu wiki nzima. Jumamosi wanaacha vya tope, wanachukua raizoni. Jioni wanabadilishana tena.

Hakuna aliyeniagiza kuosha viatu vya watu. Nilianza mwenyewe, kwa sababu sikupenda kukaa na tope linanitazama. Nilichota maji bombani, nikasugua, nikajaza magazeti ndani ili vikauke. Mama yangu aliniruhusu kazi ile kwa sharti moja, nisivuke mlango, na sikuuvuka hata siku moja. Muziki nilikuwa nao kwenye benchi. Besi ilikuja kwa chini, ikapanda mgongoni, na mimi nasugua kwa mapigo yake. Mpaka leo nikisikia nyimbo zile mikono yangu inatafuta brashi.

Sasa nije kwa Magreth, maana bila yeye hii habari haina kichwa. Alikuwa msichana wa Mbokomu, miaka kumi na saba, namba yake kumi na saba vile vile, na baba yake alikuwa mzee wa kanisa wa wale wasiocheka hata harusini. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda mazoezi ya kwaya. Jumamosi moja mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na viatu vyake vilifika kwangu vikiwa mabonge mawili ya udongo mwekundu. Niliviosha kwa bidii kuliko siku zote. Nikavipaka na rangi. Vikang'aa mpaka nikajisifu peke yangu.

Jumamosi iliyofuata Magreth hakuja. Wenzake wakanieleza. Alifika nyumbani akiwa na matone machache tu ya njiani, kwa sababu mtu mwenye lori alimpa lifti hadi karibu na kwao. Baba yake akavitazama vile viatu, kisha akatazama njia. "Kwaya gani hiyo," akauliza, "inayoimba kwenye mvua na kurudi na viatu vipya?" Hakungoja jibu, akaingia ndani kuchukua fimbo. Wiki ile ile Magreth akapelekwa kwa mjomba wake Bomang'ombe, na bugi likaishia hapo kwake.

Nililia kama mtoto. Mimi ndiye niliyemtia mashakani, tena kwa kitu nilichokifanya kwa moyo mzuri. Kuanzia hapo niliweka kopo chini ya benchi, nikalijaza udongo mwekundu ulioletwa na wasichana wenyewe. Viatu vya mlimani niliviosha kama kawaida, nikavikausha, kisha kabla ya kumrudishia mwenyewe navipaka tope kidogo kisiginoni na ubavuni, kiasi cha kumridhisha mzazi. Miguu ilipanda mlimani ikiwa mikavu na siri imekaa mahali pake. Hakuna mwingine aliyekamatwa kwa sababu yangu. Hilo naweza kuliapia.

Raizoni za Magreth zilibaki. Klabu ilipofungwa, mzee Jovin akiwa amechoka na mimi nimeolewa, nilizichukua nyumbani. Kila Idi nilizifuta vumbi. Mara mbili tatu nilitaka kupanda Mbokomu kuuliza habari zake, lakini ningemwambia nini yule baba? Miaka ikapita, nikaona haya, na haya ikikaa sana inageuka uvivu. Nilichotaka ni kumrudishia viatu vyake na kumwomba radhi kabla mmoja wetu hajaondoka duniani.

Mwezi wa nne mwaka huu, Ronald, mtoto wa marehemu mzee Jovin, akanipigia simu. Aliniamkia vizuri, akasema jengo la zamani wamelikarabati, Jumamosi mchana wanafanya kumbukumbu ya Tausi, watapiga santuri zile zile. Kabati langu wamelipaka rangi. Akaniomba nikae mlangoni kama zamani, watu wafurahi. Nilitaka kumkatia simu. Nusu karne hakuna aliyenikumbuka, na siku wanayonikumbuka wananitaka niwe pambo pamoja na kabati. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunitajia watakaokuja, na katikati ya majina akasema hata Magreth wa Mbokomu, yule nesi mstaafu, amethibitisha.

Nikasema nitakuja.

Binti yangu Shani hakutaka kusikia. Shani ni mtu wa ofisi, mwenye kauli iliyonyooka, na ananipenda kwa ukali. Alisema sitakaa mlangoni nikichezewa na watu wanaopiga picha. "Mama, ile haikuwa kazi," akaniambia. "Ulikuwa unainamia miguu ya watu." Neno hilo liliniuma kuliko alivyokusudia. Nilikubali kwa mdomo, na Jumamosi alipoondoka kwenda Bomang'ombe kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, nilimuaga kwamba nitakwenda kumjulia hali jirani mgonjwa. Kisha nikafunika raizoni kwa khanga ndani ya kapu, nikavaa sandali zangu, nikatoka. Umri huu, natoroka kwenda dansini.

Mvua ya Rau ilikuwa imefanya kazi yake. Kwetu ardhi ni nyeusi na inanata, ukikanyaga inakushika kama ina deni na wewe, na mpaka nafika barabarani kupata bajaji sandali zilikuwa hazina rangi yake tena.

Ukumbi ulikuwa umependeza, siwezi kusema uongo. Lakini wageni walishuka kwenye magari mlangoni kabisa, na viatu vyao vikavu. Walipita mbele ya kabati langu wakicheka kwa mapenzi, wengine wazee wenzangu wakinikumbatia, wengine vijana wakitaka picha na bibi wa viatu. Hakuna aliyevua, na hakukuwa na haja. Nilikaa na brashi yangu na ndoo ya maji, vishimo vyote vitupu, muziki unapanda mgongoni kama zamani, na nikaanza kufikiri kwamba Shani alisema kweli. Nikamtazama Ronald akipita na kipaza sauti akishukuru wadhamini. Hasira zikanipanda. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Nikajiambia nikimaliza kuswali alasiri narudi kwangu.

Niliporudi kutoka kuswali nikamkuta mwanamke amekaa kwenye benchi langu. Alikuwa mnene kiasi, nywele nyeupe zimekatwa fupi, gauni zuri la kitenge, na miguuni gambuti zilizojaa tope jekundu hadi magotini. Watu walikuwa wanamtazama. Mtu wa mlangoni alikuwa amemwambia apite tu, yeye akasema hapiti mpaka mwenye kazi arudi.

"Shikamoo dada," akasema, akafungua kiganja. Ndani yake palikuwa na kibati, kimekwaruzika, lakini namba ilisomeka.

Nikafunua khanga, nikamwekea raizoni zake mapajani. Akazigeuza, akaziangalia soli, akacheka mpaka akalia. Akasema gari limeshindwa kuteremka kwao, ameshuka kwa miguu hadi lami, ndiyo sababu amechelewa. Hapo ndipo nilipotoa maneno niliyoyatayarisha miaka hamsini na moja.

"Magreth, nilikuponza. Ulichapwa kwa ajili yangu."

"Fimbo sita," akasema. "Na zote zilipoa ndani ya wiki ile ile. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuoshewa kitu na mtu asiye ndugu yangu, dada. Hicho hakikupoa."

Akanisimulia huku nikimvua gambuti, maana nilikuwa nimeshainama bila kufikiri. Kwa mjomba wake Bomang'ombe alisoma, akawa nesi, akafanya kazi wodini miaka thelathini na sita. Watu waliletwa kutoka milimani na mashambani wamebebwa, viatu vyao vikasukumwa chini ya kitanda na tope lake, hakuna aliyevijali. Yeye alivichukua akipata nafasi, akaviosha, akavijaza magazeti. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda kwao anakuta viatu vyake safi vinamngoja. Wakubwa wake walimkaripia kwamba hiyo si kazi ya nesi, akaendelea. Wanafunzi aliowafundisha wakaiga.

"Mpaka leo wanafanya," akasema. "Wanadhani ni utaratibu wa hospitali. Sijawaambia kwamba ni wa Tausi."

Niliacha kusugua. Nimewahi kufurahi maishani, nimeolewa, nimezaa, nimekwenda Makka, lakini sijawahi kujisikia mrefu vile nikiwa nimepiga magoti. Watu wangapi wametoka hospitalini na viatu safi kwa sababu ya ndoo yangu na ukaidi wangu? Hata nikitaka kuhesabu sitaweza. Nilijivuna, na sioni haya kusema nilijivuna.

Raizoni hazikumwingia. Miguu ya nesi mstaafu si miguu ya msichana. Alijaribu, akakata tamaa, akaziweka kwenye kishimo cha kumi na saba mwenyewe. Kisha akanishika mkono, akauliza kama nimewahi kuiona ile sakafu. Nikamwambia sharti la mama. Akaniambia mama alikwisha pumzika siku nyingi, na yeye ana uzoefu wa kutunza viatu, nimpe zamu. Akanisukuma nikae, akanivua sandali, akanifungia kibati.

Nikavuka mlango pekupeku.

Sitaeleza sana yaliyokuwa ndani. Sakafu ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Fikirini, kibogoyo sasa, alisimama pale pale kwenye santuri zake, akaniona, akakata wimbo katikati akaanza mwingine, ule niliokuwa nikiusugulia viatu zaidi ya nyimbo zote. Nilijua wapi unapanda na wapi unashuka bila kumtazama mtu. Wazee wenzangu wakanifanyia duara. Nilicheza kwa mikono zaidi, kwa sababu ya goti, na Ronald alikuja na kipaza sauti nikamwashiria akiweke mbali. Baadaye alikuja bila kipaza, akainama, akasema neno moja tu la samahani, nikalipokea.

Nilipotoka Magreth alikuwa amekunja mikono ya gauni, na vishimo vinne vya kabati vilikuwa na viatu. Wazee walikuwa wamemfuata wenyewe, wakavua. Sandali zangu zilikuwa safi, kavu, zimejazwa magazeti, na kwenye visigino palikuwa na tope limepakwa kwa kidole, kidogo tu, kwa ustadi. Nilikuwa nimemweleza kuhusu Shani na yule jirani mgonjwa, na kuhusu kopo langu la zamani.

"Ili nyumbani wasijue," akasema, na alikuwa amejiona amefanya jambo la maana.

Nikatazama. Tope lilikuwa la gambuti zake, jekundu, la Mbokomu. Rau nzima haina udongo wa rangi ile, na Shani amekulia kwenye tope letu jeusi, analijua kama anavyojua khanga zangu. Nilikuwa naweza kulifuta. Nilimshukuru, nikavaa, nikaenda nyumbani nikikanyaga kwenye majani ili lisitoke.

Nikaziacha sandali kizingitini, visigino vimetazama nje, nikakaa kumngoja binti yangu. Alirudi kabla ya magharibi. Nikamwona amesimama mlangoni, akainama, akagusa lile tope jekundu kwa kidole. Kisha akauliza taratibu, bila ukali, "Mama, ulikuwa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa kazini, na avue viatu vyake akae, maana habari ni ndefu.